Arlette Ashika Usukani

Kuku ndiye aliyemtia Arlette Chassang hamu ya kujifunza kuendesha gari. Theluji ilikuwa imekwisha kuyeyuka kwenye vilima vya Cantal, na mumewe Fernand alikuwa na mwaka na ushei kaburini. Kuku mmoja mwekundu alipotea. Arlette alimtafuta uani, akamtafuta penye rundo la kuni, hata nyuma ya pipa la maji ya mvua, asimwone. Mwisho akaingia ghalani, akasikia mlio mdogo ndani ya gari la marehemu. Dirisha la nyuma lilikuwa limesahauliwa wazi. Alipochungulia, akamkuta kuku kajikunyata juu ya koti la kazi la Fernand, na chini yake mayai. Arlette akamtazama kuku, na kuku akamtazama Arlette kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji aliyechelewa kurudi.

"Haya bwana," Arlette akasema. "Wewe angalau umelipatia gari hili kazi."

Jioni ile hakuweza kula. Si kwa huzuni, maana huzuni ya Fernand alikuwa ameshaizoea, ikawa kama samani ya nyumbani ambayo mtu huipitia kando bila kugonga goti. Kilichomkaa kooni ni lile gari, zima, lenye magurudumu manne na mafuta ndani, kugeuka kiota cha kuku kwa sababu tu mwenye nyumba hajui kuliwasha.

Fernand hakuwa mume mkali. Alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa mawe mazito ya kule milimani, mikono yake migumu kama mawe yenyewe, na raha yake kubwa ilikuwa kuendesha gari. Asubuhi alimshusha Arlette kwenye shule ya chini bondeni, ambako alipika chakula cha watoto mpaka akastaafu, na jioni alimfuata. Kila Arlette alipodokeza kwamba naye angependa kujaribu, Fernand alicheka na kumpigapiga goti. "Keti utulie, Arlette. Mimi si nipo?" Na kweli alikuwapo. Miaka arobaini na zaidi Arlette alikaa kiti cha kulia, ambacho kule ndicho cha abiria, akaijua kila kona kwa jinsi mwili ulivyoegemea, lakini mkono wake haukuwahi kugusa gia. Halafu majira fulani ya baridi moyo wa Fernand ukasimama, na siku hiyohiyo kila mahali pakawa mbali.

Kitongoji chao kina nyumba saba, nne kati ya hizo hufungua madirisha mwezi wa Agosti peke yake. Gari la mkate lilipita Jumanne na Ijumaa. Mwanawe Thierry, aliyekuwa Lyon, alipiga simu kila Jumapili na wimbo uleule: "Mama, hamia huku. Kuna lifti, kuna tramu, kuna daktari hapo chini." Arlette alijibu kwamba lifti humpandisha mtu bila kumfikisha popote.

Basi akajiandikisha shule ya udereva mjini Murat, akiwa na miaka sitini na saba. Mwalimu wake, Aurore, alikuwa msichana mwenye subira aliyetafuna pipi za urujuani kutwa. Mtihani wa kwanza gari lilizimika katikati ya mzunguko, likakataa kuwaka. Wa pili alisimama kulipisha trekta lililokuwa bado linaonekana dogo kama mende upande wa pili wa bonde, akangoja hadi mtahini akauliza kama wamefika. Wa tatu alirudi rivasi akapanda ukingo wa barabara, akalikumbatia pipa la taka. Mara ya nne akafaulu. Alipolipokea jibu alikwenda choo cha duka la mkate, akajifungia, akalia kidogo, akanawa uso, akanunua keki ya mtindi akaila yote peke yake kwenye benchi.

Dereva mpya nchini kwao hulazimika kubandika nyuma ya gari duara jeupe lenye herufi A nyekundu. Vijana wa miaka kumi na minane hulibandika. Arlette naye akalibandika.

"A ya ajuza," alisema Josiane siku alipoliona.

"A ya Arlette," alisema Mauricette, ambaye hakuwa msemaji.

Hawa wawili ndio waliokuwa mashoga zake. Josiane alikuwa msusi aliyestaafu, nywele zake zilibadilika rangi kila msimu, na macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, kwa hiyo daktari alikuwa amemkataza kuendesha. Mauricette alikuwa mjane wa mfugaji, mfupi, mpana, anayeendesha trekta shambani kwake tangu utotoni lakini hajawahi kuwa na leseni ya gari, na akiwekwa kwenye gari la mtu mwingine hutapika kona ya tatu. Walikuwa wakicheza karata kwa Josiane siku Mauricette alipotamka, bila kuinua macho kutoka kwenye karata zake, kwamba dada yake Reine ametimiza miaka themanini.

"Yule wa kule chini, bonde la Célé?" Josiane akauliza. "Lini mlionana?"

"Mazishi ya mumewe. Miaka sita sasa. Tunaongea kwa simu."

"Treni je?"

"Treni haifiki. Na basi liliondolewa."

Josiane akamgeukia Arlette taratibu, kama mtu anayezungusha mzinga.

"Usinitazame hivyo," Arlette akasema. "Sijavuka Murat mimi."

"Ndiyo hivyo nakutazama, shoga. Leseni umeitia kwenye fremu ama vipi?"

Wakaondoka mwisho wa Agosti, asubuhi yenye ukungu. Arlette alikuwa amelipiga gari sabuni mara mbili na bado Josiane alipoingia akanusa, akasema, "Kuna mtu ametagia humu." Mauricette alikaa nyuma, amekumbatia keki ya tufaha kwenye bati lake, mfuko wa plastiki mkononi kwa dharura. Thierry alikuwa amepiga simu usiku wa kuamkia siku ile kumsihi mamake apite barabara kuu. Arlette alikataa barabara kuu kwa sababu ya malori, akalikataa na handaki la Lioran kwa sababu ya giza. Akapita njia ya juu, ile ya zamani, yenye kona zisizohesabika, kwa mwendo ambao mwendesha baiskeli mmoja mwenye mvi aliwapita, akageuka kuwapungia mkono.

"Mwenda pole hajikwai," Josiane akasema, "lakini huyu wetu haendi kabisa."

"Nyamaza unisomee ramani."

"Ninaisoma. Tatizo milima imekaa upande ambao siuoni."

"Umeishika juu chini," Mauricette akasema kutoka nyuma, macho yamefumbwa, akaendelea kuimba wimbo wa kanisani chinichini. Ulikuwa ujanja wake wa kuzuia tumbo.

Juu ya mlima ukungu ukakatika ghafla. Ng'ombe wekundu wenye pembe ndefu walikuwa wamelala majanini pande zote mbili, na mteremko ulishuka mbele yao hadi ukaisha kwenye samawati. Arlette alikuwa ameiona mandhari hiyo mara mia kutoka kiti cha kulia. Sasa hakuweza kuitazama, ilimbidi atazame barabara, na ajabu ni kwamba hakuona hasara. Alihisi mteremko kwenye wayo wa mguu, akashusha gia mwenyewe, injini ikanguruma na kulishika gari kama mkono unavyomshika mtu begani, na akajikuta anatabasamu peke yake.

"Unacheka nini?" Josiane akauliza.

"Sicheki."

"Meno yote nje, anasema hacheki."

Saa ya chakula iliwakuta ng'ambo ya Aurillac, katika kijiji chenye mkahawa mmoja wanakokula madereva wa malori na mafundi. Walipewa dengu za kijani zilizopikwa na soseji nene, mkate, na jagi la mvinyo mwekundu. Mwenye mkahawa, jibaba lenye aproni, akataka kummiminia Arlette. Arlette akafunika glasi yake kwa kiganja.

"Hapana, asante. Ninaendesha."

Alilitamka neno hilo kwa sauti ndogo, lakini Josiane alilidaka. "Mmemsikia? Anaendesha! Bwana, mletee maji, tena ya baridi, huyu ni dereva wetu." Watu wa meza ya pili wakageuka. Mmoja akauliza ni nani mwenye gari lenye A pale nje, maana walikuwa wamewekeana dau kwamba ni la mjukuu. Arlette akainua mkono kama mtoto darasani. Meza nzima ikampigia makofi, na yeye akaona haya hadi masikio. Mauricette na Josiane wakainywa sehemu yake ya mvinyo bila kusukumwa.

Mchana joto likaongezeka. Walishuka chini zaidi, mapaa ya mawe meusi yakapisha ya vigae vyekundu, majani yakawa makavu, na kando ya barabara wakulima waliweka mabanda ya matikiti. Baada ya Figeac wakaingia bonde la Célé. Barabara pale ni nyembamba: upande mmoja mto, upande mwingine genge refu, na sehemu nyingine mwamba umetokeza juu ya barabara kama paa lisilokamilika. Arlette akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Ndipo kwenye kona, chini ya mwamba uliotokeza kuliko yote, wakakutana uso kwa uso na gari kubwa la watalii, lile la kulala ndani, jeupe, refu kama jiko la shule. Likafunga breki. Arlette akafunga breki. Gari likazimika. Nyuma ya lile jeupe kulikuwa na magari mengine matatu, na nyuma ya Arlette likaja jingine dogo, likasimama. Yule mtalii akatoa mikono yake dirishani, akaonyesha mwamba juu, akaonyesha foleni nyuma yake, akakunja uso kwa huruma. Hakuwa na pa kwenda. Sehemu pana ya kupishania ilikuwa nyuma ya Arlette, mbali kidogo, baada ya kona.

Maana yake ni rivasi.

Honi ikalia mahali fulani. Arlette aliliwasha gari, likaruka, likazimika tena. Kwenye gari la nyuma akashuka bwana mmoja wa miaka hamsini hivi, fulana safi, miwani ya jua kichwani. Akaja dirishani, akainama. Hakuwa na ubaya hata chembe.

"Mama, usihangaike. Shuka tu, nikurudishie mimi. Dakika moja."

Mkono wa Arlette ukaenda kwenye kitasa cha mlango. Ulikwenda wenyewe. Sauti ya yule bwana ilikuwa laini, ya mtu anayejua, na kiti cha kulia kilikuwa palepale, na shimo lake la miaka yote likimngoja, ingawa leo Josiane ndiye aliyekikalia. Arlette akatazama kitasa. Akafikiri: nikishuka hapa, safari ya kurudi nyumbani ataendesha nani?

"Asante mwanangu," akasema. "Gari ni langu. Wewe rudisha lako kwanza unipishe."

Yule bwana akasimama wima, akakuna kichwa. "Una hakika, mama?"

"Sina. Lakini rudisha lako."

Bwana akaenda, akarudisha gari lake mpaka nyuma ya kona, mwisho kabisa wa sehemu pana. Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Mauricette alishuka, uso wake wa kijivu kwa kichefuchefu, akaiweka keki juu ya kiti, akavuta sketi yake sawasawa. Akatembea hadi nyuma ya gari, akasimama katikati ya barabara, miguu ameitanua.

"Nitazame mimi kwenye kioo," akapaza sauti. "Usitazame mwamba. Mwamba hauji kwako. Mto nao haujatoka mahali pake. Nitazame mimi!"

Mwanamke huyu alikuwa amerudisha matela ya ng'ombe kwenye milango myembamba ya mazizi maisha yake yote. Akainua mikono, akaanza kumwita Arlette kama anavyowaita ng'ombe wake jioni.

"Njoo, njoo, njoo, njoo... pole... njoo mama, njoo... Wewe! Kushoto! Kushoto yangu, siyo yako!"

"Kushoto yako ni ipi?"

"Ya mkono wa saa!"

"Huvai saa!"

Josiane akatoa kichwa dirishani. "Mkono wa mtoni, jamani! Mtoni!"

Gari likarudi hatua, likasimama, likarudi tena. Klachi ilinuka. Jasho lilimtiririka Arlette mgongoni. Kwenye kona alikaribia mno ukuta wa mwamba. Kikasikika kitu kikikwaruza, kioo cha pembeni kikajikunja, na Josiane akapiga yowe lililowatoa njiwa kwenye mapango yao juu.

"Achana nacho!" Mauricette akanguruma. "Njoo! Njoo... njoo... hapo. Hapo hapo! Simama!"

Akasimama. Alikuwa kwenye sehemu pana, magurudumu yote manne chini. Lile gari kubwa likapita polepole, sentimita chache tu kati yao, na mkewe yule mtalii akawapungia kwa mikono miwili. Yale magari mengine matatu yakafuata. Dereva wa mwisho, kijana mwenye ndevu, aliona A nyekundu, kisha akamwona Arlette, akabonyeza honi mara nyingi fupifupi kama kwenye arusi. Bwana wa miwani akapita mwisho, akagusa kichwa kwa vidole viwili.

Arlette aliweka breki ya mkono. Akashuka, akaenda kutazama ubavu wa gari. Mchubuko mrefu mweupe ulikwenda kutoka taa ya mbele hadi mlangoni.

"Fernand angekufa mara ya pili," akasema.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi aegemee boneti, Josiane naye akashikwa, wanja wa macho ukamchuruzika hadi kidevuni. Mauricette aliwatazama, akatikisa kichwa, akaenda ukingoni, akatapika kwa utulivu kwenye nyasi, akarudi anajifuta mdomo.

"Twendeni," akasema. "Dada anangoja."

Reine alikuwa anangoja kweli. Alikuwa ameleta kiti cha jikoni hadi ukingo wa barabara na kukaa pale, kofia ya majani kichwani, fimbo kati ya magoti. Mrefu alivyo na mwembamba, hakufanana na Mauricette hata kidogo, isipokuwa sauti. Mauricette akashuka, wakasimama wanatazamana.

"Umenenepa," Reine akasema.

"Na wewe umekauka."

Wakashikana. Walikaa hivyo muda mrefu, bila kulia, kila mmoja akimpigapiga mwenzake mgongoni kama wanakung'uta unga. Arlette na Josiane wakajifanya wanahangaika na buti la gari.

Usiku walikula bata aliyehifadhiwa kwa mafuta yake, viazi vya kitunguu saumu, halafu ile keki, ambayo upande mmoja ilikuwa imebonyea lakini haikulalamikiwa. Sasa Arlette akanywa mvinyo. Simu ilipolia alikuwa Thierry.

"Mama, mmefika? Njia ilikuwaje?"

"Njia nzuri. Nimekwaruza gari."

"Umeumia? Nani aliligonga?"

"Mwamba. Na mwamba ulikuwa na haki, mimi ndiye niliyeufuata. Lala, mwanangu, tunakata jibini."

Asubuhi yake, kwenye kahawa, Reine alizungukazunguka maneno kabla hajasema. Kule juu ya genge, kwenye uwanda wa mawe, marehemu mumewe Marius alikuwa akichunga kondoo. Yapata miaka sita hajapanda. Mkwewe ana gari, ni mtu mzuri, lakini siku zote ana haraka. Mtu mwenye haraka huwezi kumwomba akupeleke mahali ambapo hapana kitu.

"Hapana kitu kabisa?" Arlette akauliza.

"Mawe. Mialoni mifupi. Kisima cha kondoo."

"Basi vaa viatu."

Barabara ya kupanda ilikuwa ya kona kali, lakini ilikuwa tupu. Arlette aliipanda kwa gia ya pili, kioo chake kimefungwa kwa utepe wa jikoni wa Reine. Mauricette alipewa kiti cha mbele, na ikagundulika kwamba pale mbele hatapiki. Josiane, aliyebanwa nyuma pamoja na Reine na kapu la plamu, akasema kwamba jambo hilo lingesemwa tangu jana wangeokoa mfuko mmoja.

Juu pale upepo ulinuka majani makavu na nyuki. Kondoo walikuwapo, si wa Reine tena, wa mtu mwingine, weupe wenye miduara myeusi machoni kama wamevaa miwani. Reine akatembea polepole kando ya ukuta wa mawe, mkono juu ya mawe, akimwonyesha mdogo wake hiki na kile: hapa lilikuwapo lango, hapa mbwa alizikwa, hapa Marius aliangukiwa na kondoo dume, akakaa chini akitukana mpaka machweo. Alikuwa anacheka anaposimulia. Walipochoka wakakaa kwenye kivuli cha mwaloni wakala plamu, wakitema kokwa mbali kadiri walivyoweza. Reine alizitema mbali kuliko wote, na hakuficha furaha yake.

Arlette alikuwa amevua viatu. Alilala chali juu ya blanketi, kofia usoni, mikono bado imekunjika kidogo, kana kwamba ameshika kitu cha mviringo. Sauti zao zilimjia kwa mbali, kisha zikawa za kengele za kondoo, kisha hazikuwapo tena.

"Mpenzi, niambie," Josiane alikuwa anaanza kwa sauti kubwa, "huyo mkweo ana kaka..."

"Shhh," Reine akasema, akionyesha kwa fimbo. "Dereva amelala."

Wakashusha sauti. Mauricette akainuka, akausogeza mkoba wake ili uzuie jua lililokuwa limefika kwenye miguu ya Arlette, akarudi kukaa kando ya dada yake, akachukua plamu nyingine.